Rundo la Tatu

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu tuagane? Mimi huku ugenini ni mzima, kikohozi kimekwisha, na kile kitambaa ulichonisukumia kwenye begi ndicho ninachojifunga shingoni kila siku, maana baridi ya studio hii haina huruma na mtu. Goti lako linaendeleaje? Na jirani yako Bi Pasi, bado anagoma kuvaa miwani? Mpe shikamoo yangu, mwambie hapa studio wote wanamjua kwa sura na wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi.

Kazi inakwenda. Filamu zetu ni tano, kila moja ya nchi yake, zote za maisha ya wanawake na haki zao. Ya kwanza ni ya wanawake wanaovuna chumvi, ya pili ya madereva wa malori, ya tatu ya wakunga, na ya nne ni ya wafungwa waliojifunza sheria gerezani mpaka wakaanza kuandikiana rufaa. Ya tano ni yenu, wafuaji wa hospitali. Nimeshazitazama zote nne za mwanzo, na nikitoka hapo natembea njiani nikikodolea macho mikono ya kila mwanamke ninayepishana naye. Juzi mmoja aliificha mfukoni, akidhani nataka pete yake.

Kipande cha Bi Pasi akisimulia habari za foronya kimewatoa watu machozi. Mimi nimekisikia tangu utotoni, lakini kukisikia kwenye spika kubwa ni jambo lingine. "Karatasi tuliiogopa," anasema. "Lakini nani atatafuta foronya moja kati ya foronya elfu?" Kisha anaonyesha jinsi wanawake kumi na tisa walivyochovya dole gumba kwenye wino wa kuandikia namba za mashuka, wakapiga alama zao kwenye foronya moja, wakidai glavu za kujikinga na sindano zinazosahaulika kwenye nguo za wagonjwa, na wakidai mwanamke asifukuzwe kazi kwa kushika mimba. Anasimulia alivyoipiga pasi, akaificha kabatini, rundo la tatu, chini kabisa. Na asubuhi msimamizi akaingia, "akaenda moja kwa moja kwenye rundo la tatu, kama mtu anayefuata nguo zake mwenyewe." Siku hiyohiyo Bi Pasi akafukuzwa. Anasema mpaka leo hajui nani alisema. Hapo mhariri wetu husimamisha picha kwanza, akanywa maji.

Sasa nina swali dogo. Unakumbuka tulipomaliza kukuhoji kule chumba cha kufulia cha hospitali, niliomba watu wote wakae kimya dakika moja? Ni desturi ya kazi yangu. Kila chumba kina sauti yake hata kikiwa kitupu, na mimi fundi wa sauti lazima niirekodi, ili mhariri akikata maneno apate cha kuzibia pengo. Ulikuwa bado umekaa kwenye kiti, maiki ndogo imebanwa kwenye ukosi wako, na Bi Pasi amesimama nyuma yako mlangoni. Katika dakika ile midomo yako ilikuwa inacheza. Ulikuwa unasema nini, mama?

Nisalimie majirani wote.

Mwanao,
Masikio


19 Februari

Mwanangu Masikio,

Salamu nyingi. Barua yako ilifika Jumanne, imelowa pembe moja, nikaianika kwenye kamba pamoja na soksi. Mimi sijambo. Goti nalo likitaka linapanda ngazi, lisipotaka tunakaa chini wote wawili. Bi Pasi mzima wa afya. Miwani aliivaa siku moja, akaniangalia vizuri, akasema kumbe nimezeeka hivi, akaivua. Anasema ukimletea miwani inayoonyesha watu wakiwa vijana ataivaa.

Nimefurahishwa sana na hao wafungwa wa rufaa. Ningekuwa na akili hiyo zamani, mambo mengi yangenyooka. Wakunga nao ningependa kuwaona. Chumvi sitaki, mikono yangu ilishapata dawa za kutosha za kuichubua.

Umeuliza habari za midomo. Wewe umesahau nyumba uliyolelewa? Mtu akikaa miaka thelathini na moja kati ya mashine sita zinazonguruma, midomo haiombi ruhusa. Kule sauti haikuwa na kazi. Ukitaka mwenzako wa upande wa pili akuletee shuka, unamchezeshea mdomo tu, naye anakusoma. Tulisemana hivyo, tukatukanana, tukapeana pole za misiba, na msimamizi amesimama katikati yetu kama nguzo, haambulii kitu. Wafuaji wote wa pale wanajua kusoma midomo, hata hawa wasichana wa siku hizi. Mpaka leo mimi na Bi Pasi tukimwona mwenye nyumba anakuja, tunamteta mbele ya macho yake, kisha tunamwamkia kwa adabu. Basi siku ile nilikuwa naomba dua tu, au nahesabu mashuka. Usinichimbe.

Jumamosi tulifua mashuka yetu, tukayakunja kama zamani, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili, tunasogea tunakutana katikati. Huyu mwanamke hata shuka la kulalia mwenyewe analikunja kama litakaguliwa. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akaachia ncha ikagusa chini, ikabidi tulifue upya, na lawama zote nikabeba mimi.

Halafu, mambo ya namna hii usinipigie simu. Ukuta wangu na wa Bi Pasi ni mbao tupu, nikipiga chafya yeye ndiye anayesema afya. Andika.

Kula vizuri. Jifunge kitambaa.

Mama yako


2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti limekubali ngazi. Mimi mwili ni mzima.

Sikupiga simu, kama ulivyotaka. Lakini siwezi kuzungukazunguka tena. Haikuwa dua, mama. Ulidhani midomo inacheza bila sauti kama ilivyokuwa kazini, ambako hata ungepiga kelele hakuna ambaye angekusikia. Siku ile ilikuwa Jumapili, mashine zimezimwa, na maiki iko chini ya kidevu chako. Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni. Ilitoka sauti ndogo tu, lakini ilitoka. Ulisema: "Nilisema mimi. Rundo la tatu. Nilisema mimi."

Sikugeuka. Nilikuwa nimeiona midomo yako mara moja, nikakaza macho kwenye mashine yangu, nikahesabu sekunde zilizobaki, nikasema asanteni, tumemaliza. Ukajivua maiki mwenyewe, ukaniuliza kama nimekula. Nimekaa na jambo hili miezi mitatu. Nilijiambia nimesikia vibaya, mimi ambaye kazi yangu yote ni kusikia.

Wiki iliyopita mhariri alikuwa anatafuta sauti ya chumba ili azibe pengo mahali, akaikuta. Akamwita Chifu, ndivyo tunavyomwita mwongozaji wetu. Unamkumbuka, yule mama mrefu aliyekaa chini sakafuni wakati unazungumza. Alisikiliza akiwa amesimama, akaomba irudiwe, kisha akasema hiki ndicho kiini cha filamu. Nikamwambia maneno yale hukumwambia mtu. Akanikumbusha karatasi ya ruhusa, kwamba uliitia sahihi na inasema kila kilichorekodiwa siku ile. Ni kweli uliitia. Kalamu nilikupa mimi.

Usidhani ni mtu mbaya. Anasema filamu ambayo kila mwanamke ndani yake ni shujaa haimsaidii mwanamke yeyote, na kwamba watu wanaodai haki walishindwa mara nyingi kwa sababu mmoja wao aliwekwa pahali ambapo hakuna njia nzuri ya kutokea. Anataka watu wamwone huyo mmoja, wamwonee huruma. Nilimuuliza tu, tunatetea haki gani ya wanawake kama tunamchukulia mwanamke maneno aliyodhani anajiambia mwenyewe? Akasema nikuandikie, nimpe jibu kabla mwezi haujaisha.

Ndiyo nakuandikia. Ni kweli, mama? Na kama ni kweli, kwa nini? Bi Pasi ndiye aliyenifundisha kutembea.

Mwanao,
Masikio


15 Machi

Masikio,

Mimi nipo. Goti lipo.

Jina hilo nilikupa ukiwa na miaka minne, kwa sababu nikizungumza na mtu ulikuwa unakuja kujibanza nyuma ya mlango. Nilidhani umekua ukaacha. Barua yako niliichana, kisha nikaokota vipande nikavipanga mezani, ndivyo ninavyoisoma sasa. Nimekasirika, na ujue nimekasirika. Nimekasirikia maiki na huyo Chifu wako na wewe, halafu hasira ikifika kwangu inakosa nguvu.

Uliuliza kama ni kweli. Ni kweli.

Msimamizi alinikuta chumba cha nguo chafu natapika kwenye ndoo. Mimba ilikuwa ya miezi mitatu, yaani wewe. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake bila kuaga. Sheria ya pale ilikuwa fupi: tumbo likionekana, unarudisha kitambulisho cha kazi. Msimamizi akafunga mlango, akanipa maji. Akasema amesikia kuna kitu kimepigwa vidole. Akasema mimi ataniacha, atanihamishia upande wa kukunja ambako hakuna mvuke, nijifungue na nirudi, mradi nimwambie tu kitu chenyewe kiko wapi. Sikupigwa, mwanangu, wala sikutishwa. Niliulizwa kwa upole nikajibu kwa upole. Nilisema, rundo la tatu.

Jina la mtu sikutaja. Nilijidanganya kwamba rundo si mtu. Lakini kila mtu pale alijua pasi ni ya nani.

Foronya ilichomwa kwenye tanuri la hospitali, na alama yangu ikiwemo, ya nne kutoka juu. Bi Pasi akafukuzwa. Jioni yake alikuja kwangu, nikajua amekuja kuniumbua. Kumbe ameleta vitambaa vya mtoto. Alishagundua nina mimba kabla sijamwambia mtu. Akanipa pole mimi, akasema nijikaze, nisije nikapatwa na yaliyompata yeye. Siku ya kukuzaa ni yeye aliyenishika mkono. Mwaka uliofuata wengine walijaribu tena, glavu zikaja, na likizo ya uzazi ikaja, lakini yeye hakurudishwa. Miaka ishirini na minane amepiga pasi za watu barazani.

Unafikiri sikutaka kumwambia? Nimemwambia mara nyingi sana. Namwambia kwa midomo, nikiwa nimempa mgongo. Nikiwa napika na yeye yuko mlangoni, namwambia. Siku ya kamera alisimama nyuma yangu, kukawa kimya, basi midomo ikaanza kama ilivyozoea.

Sasa sikiliza. Nina rafiki mmoja tu na ukuta ni mbao. Nikifa onyesheni mnachotaka. Nikiwa hai, kama mimi ni mama yako, maneno hayo yafute. Sitaki yafichwe, nataka yafutwe, yasibaki hata kwenye kona ya mashine.

Mama yako


27 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefanya.

Nilifika studio asubuhi kabla ya wenzangu, nikafuta dakika ile kwenye nakala ya kwanza na ya akiba. Wewe na mhariri mnaweza kutafuta mpaka mchoke, sauti ya chumba kile haipo tena. Chifu alipoingia nilikuwa namsubiri mlangoni, nikamwambia mwenyewe. Hakunipandishia sauti. Aliweka begi lake chini, akasema nimefanya jambo ambalo fundi wa sauti halifanyi, na ni kweli. Kwenye filamu nyingine hatanichukua.

Sikulaumu. Nakuandikia tu upate usingizi.

Mwanao,
Masikio


28 Machi

Mwanangu kipenzi,

Salamu za upendo. Natumai u mzima, na natumai barua hii itakuwahi.

Yale niliyokuandikia yasahau. Usifute kitu. Nitakueleza.

Ile barua iliyopita niliiandika, nikaisoma kabla ya kuifunga. Sikuwahi kuyaona maneno yale yamekaa mahali. Miaka yote yalikuwa yanapita mdomoni tu, yanakwenda zake, sasa yakawa kwenye karatasi kwa mwandiko wangu, yananiangalia. Nikaipeleka posta. Njiani nikirudi nikajiambia: mtoto wangu anajua, mhariri nisiyemjua jina anajua, mama mrefu aliyekaa sakafuni anajua, na wote wako mbali huko. Mtu wa ukuta wa pili ndiye hajui. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku yenyewe.

Jumamosi iliyopita tulifua. Tulipofika kwenye shuka la mwisho, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili, uani kulikuwa na watu, nikamwambia kwa midomo. Safari hii sikumpa mgongo. Nilimwambia yote, rundo, ndoo, maji aliyonipa msimamizi. Nikamaliza. Bi Pasi akakunja uso, akasema, "Sema kwa sauti, sioni. Miwani iko ndani."

Basi nikasema kwa sauti. Mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa anaosha vyombo, akaacha kuosha.

Bi Pasi alisogea na ncha zake mpaka kwenye kiti, akaziweka pale juu vizuri, hakuziangusha. Akaingia ndani, akafungulia redio. Leo ni siku ya saba. Naisikia redio asubuhi mpaka jioni, yeye simsikii. Juzi nilipiga chafya makusudi.

Kwa hiyo mwambie Chifu wako maneno ni yake, aonyeshe. Mtu niliyemwogopa ameshasikia, dunia iliyobaki haina uzito. Nataka wale wengine kumi na saba nao wajue, walio hai. Kila mmoja aliwahi kumshuku mwenzake. Ila ongeza mbele yake kwamba sikutajwa na mtu, nimesema mwenyewe.

Nijibu upesi.

Mama yako


11 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani. Siku uliyoandika usifute, yangu ya kukuambia nimefuta ilikuwa iko posta. Nimesoma yako mara nyingi, nikajikuta nacheka pale pa chafya, kisha nikalia. Pole. Ningekuwa karibu ningekaa na wewe hata kama hatuongei.

Maneno hayapo tena, mama. Nimewaomba mafundi wawili wajaribu kuyarudisha, wote wameinua mikono. Wewe uliniomba, mimi nikakubali upesi, na nadhani nilikubali upesi kwa sababu hata mimi nilikuwa sitaki kuyasikia.

Nilikwenda kwa Chifu nikamsomea barua yako, ile sehemu ya kumi na saba tu. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua: mpiga picha hakuzima kamera siku ile. Sauti imekufa, picha ipo. Wewe umekaa kwenye kiti, midomo inacheza, na nyuma yako Bi Pasi kashika kitasa cha mlango anaitabasamia kamera. Chifu anataka kuiweka dakika nzima, bila sauti yoyote, mara tu baada ya Bi Pasi kusema hajui ni nani. Anasema watu watadhani unaomba, na haidhuru. Amesema pia, na hapa nilimpenda tena, kwamba safari hii karatasi haitoshi. Kama hutaki, niandikie kabla ya tarehe thelathini, ataiondoa bila kuuliza.

Filamu itaonyeshwa kwanza kwenu kabla ya kwenda popote. Ndiyo desturi yake, wa kwanza kuona ni waliorekodiwa. Itakuwa Jumapili, tarehe kumi na nne Juni, ukumbi wa hospitali, wafuaji wote wa zamani na wa sasa wamealikwa. Mimi sitakuja. Nimepata kazi redioni, narekodi matangazo ya vifo na ya mikutano. Ni kazi ya heshima, watu hawacheki humo.

Nasubiri jibu lako.

Mwanao,
Masikio


16 Juni

Mwanangu Masikio,

Salamu kutoka kwa mama yako aliyekaa kimya miezi miwili. Mimi ni mzima. Goti limenichukua mpaka ukumbini na kunirudisha, lina haki ya kulalamika leo. Natumai na wewe hujambo, na hayo matangazo ya vifo hayakuzidi kimo.

Ulisubiri jibu kabla ya tarehe thelathini, nami sikuandika. Si kwamba barua haikufika. Ilifika, nikaisoma, nilipofika pale pa watu kudhani naomba nikaweka karatasi chini nikacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu redio ile ifunguliwe. Wewe, fundi wa kusikia, mtoto wa mfuaji, umekaa na watu wenye mashine za kila aina, na wote mmeamini maneno yamekufa kwa sababu sauti imekufa. Nikasema, huyu mtoto kweli kaenda mbali. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja tu, mwambie aitoe. Kila siku nilijiambia kesho. Tarehe thelathini ikapita nikiwa naiangalia kalamu, nikajua nimeshaamua.

Ukumbi ulijaa. Kitambaa cha kuonyeshea hawakuwa nacho, wakatundika mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja, namba ya wodi bado iko pembeni, na pasi ilipigwa ovyo. Nikawaza Bi Pasi akiona mikunjo ile ataondoka. Wakubwa wa hospitali na manesi walikaa kushoto, sisi wafuaji kulia. Katika wale kumi na tisa wamebaki hai kumi na mmoja, na walikuja saba ukiniondoa mimi. Nilikaa mstari wa mbele, kiti cha pembeni yangu nimekiwekea mkoba. Mpaka taa zinazimwa kilikuwa na mkoba.

Alikuja baada ya taa kuzimwa. Sikugeuka. Nilijua ni yeye kwa jinsi alivyosogeza kiti, hakiburuti, anakinyanyua. Akakaa nyuma yangu hasa. Kisha nikasikia kitu kidogo, tak. Kasha la miwani.

Filamu yenu ni nzuri, mwanangu. Mikono yetu mmeipiga vizuri, nimeona kovu langu la sindano kubwa kama barabara. Akaja Bi Pasi na foronya, watu wakacheka alipochekesha, wakanyamaza aliponyamaza. Akasema hajui ni nani. Halafu sauti ikakatika, nikaja mimi.

Upande wa kushoto waliinamisha vichwa, nesi mmoja akaweka mkono kifuani. Kweli walidhani naomba. Upande wa kulia nilisikia pumzi. Ilianzia nyuma, kwa wale wasichana wa siku hizi ambao hata hawanijui, ikaja mstari kwa mstari, viti vinalia, mpaka kwa wenzangu wa foronya. Kwenye shuka pale nilikuwa mkubwa kuliko mlango, nasema mbele ya watu wote, nilisema mimi, rundo la tatu, nilisema mimi. Na nyuma yangu yeye anatabasamu. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa tayari wanione mimi. Sikuwa tayari kumwona yeye, amesimama hatua mbili kutoka kwenye maneno yanayomhusu, ameniangalia kisogo, hajui.

Nikasimama. Sijui nilitaka kuwaambia kitu au nilitaka kutoka. Kivuli cha kichwa changu kikaenda juu ya shuka, kikatufunika wote wawili. Goti likakataa kwenda mbele wala nyuma. Ukumbi mzima kimya, dakika yako ile haijaisha.

Bi Pasi akasema, "Keti. Unatuziba."

Wiki kumi na mbili sijasikia sauti hiyo. Haikuwa ya hasira, wala sitakudanganya kwamba ilikuwa ya upole. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kuona mpaka mwisho. Nikaketi. Niliangalia filamu iliyobaki, glavu zikaja, wasichana wakaonekana na watoto wao, na nyuma yangu alikuwa anapumua palepale, hakuondoka.

Taa zilipowashwa wenzangu watatu walipita bila kunitazama, nao wana haki. Mmoja alinishika bega, akaenda. Bi Pasi alikuwa ameshasimama mbele kwenye yale mashuka, ananyoosha mkunjo kwa kiganja, anamwambia msichana wa kufulia kwamba pasi haikandamizwi hivyo. Nilirudi nyumbani kwa njia yangu, yeye kwa yake. Jana redio haikufunguliwa.

Ulifuta kwa sababu nilikuomba, ukapoteza kazi unayoipenda. Hilo sitalisahau, na nisamehe. Likizo ukipata, njoo na mashine yako. Yapo maneno ya kurekodi upya kwa sauti, na mengine si yangu, itabidi umwombe mwenyewe kwa adabu, asipotaka usimshikie kalamu.

Jumamosi nitafua shuka langu. Litakauka mapema kama jua likiwepo, nitashika ncha zangu mbili nisimame uani. Zile nyingine mbili nitaziacha kwenye kiti, palepale alipoziweka. Nitasubiri. Yeye alisubiri miaka ishirini na minane bila kujua anasubiri nini, mimi siwezi kushindwa kusimama na shuka asubuhi moja.

Mama yako